Sura ya Sita: Jino Lisilokuwepo

Yai lilipoanza kugongagonga sufuria, Kapteni Khuyen alichomoa hereni ya fedha ya sikio la kushoto akaiweka mezani.

"Makubwa!" alisema Mama Tuat, mpishi wa kituo. "Mshahara umechelewa mpaka tunachemsha vito?"

"Nipe kitambaa safi, mama. Na unimenyee hilo yai likiwa bado la moto."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

Mama Tuat alimtazama, akatikisa kichwa, akamenya. Alikuwa amelimenya yai la namna hiyo mara nyingi kuliko idadi ya nywele zake. Mtu akiingiwa na upepo mbaya, akalegea, mwili ukamuuma, hupakwa mafuta ya kunukia na kukwanguliwa mgongo kwa ukingo wa kijiko mpaka michirizi myekundu itokee. Kisha husuguliwa kwa yai la moto lililofungwa kitambaani pamoja na kitu cha fedha. Fedha ikitoka nyeusi, watu hupumua: ubaya umetoka.

Sarafu nyeusi ya namna hiyo ilikuwa pale mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo. Ilitoka kwenye yai alilosuguliwa Bibi Mui, mjane wa miaka sitini na mmoja aliyekuwa akitengeneza tambi za mchele mtaa wa juu. Bibi huyo alikufa alfajiri ya Alhamisi. Asubuhi ile ile bintiye, Thoa, alitoka nje akiishika sarafu juu kama mtu aliyemkamata mwizi kwa kola, akapiga kelele kwamba fedha ikigusa sumu huwa nyeusi, mama yake amelishwa sumu, na aliyemlisha ni Nhai, mke wa kaka yake. Majirani walijaa. Kapteni Khuyen alifika, akaiona sarafu imekuwa nyeusi tititi, akasaini hati ya kumweka Nhai mahabusu.

Leo ilikuwa Jumamosi. Gari la mkoani lingefika saa saba kumchukua mtuhumiwa. Jeneza la Bibi Mui lingetoka nyumbani saa tisa, saa iliyochaguliwa na mtazama nyakati, na haibadilishwi. Mkwe asiyetembea nyuma ya jeneza la mama mkwe wake, huku mumewe yuko kiwandani ng'ambo, jina lake huoza mtaani hata kama mahakama baadaye itamwachia.

Usiku, Kapteni alipopita na tochi, Nhai alikuwa ameketi sakafuni, amekumbatia magoti. Hakulia wala hakulalamika. Aliuliza swali moja tu.

"Afande, hilo yai mmeshawahi kumsugulia mtu mwenye afya njema?"

Ndiyo maana asubuhi hii Kapteni alikunja mkono wa shati lake, akafunga yai na hereni kitambaani, akajisugua mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, polepole, kama alivyofanywa na nyanya yake utotoni. Alihesabu mpaka mia mbili. Akafungua.

Hereni ilikuwa nyeusi.

"Ee!" Mama Tuat akaruka nyuma. "Afande, umelishwa nini?"

"Uji wako wa asubuhi."

"Usiniletee balaa!"

Kapteni hakucheka. Aliisugua hereni kwa jivu mpaka ikang'aa, akachukua yai la pili la moto, na safari hii akausugua mguu wa meza. Alihesabu mia mbili nyingine. Akafungua. Nyeusi, yenye rangi ya bluu pembeni, sawasawa na sarafu iliyokuwa mfukoni.

Mama Tuat aliinama akautazama mguu wa meza. "Maskini meza," akasema. "Na yenyewe ina wakwe?"

Kapteni aliirudisha hereni sikioni jinsi ilivyo, akachukua kofia.

*

Duka la dawa la Bwana Chuc lilikuwa pembeni mwa soko. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na mkasi wa kukatia vidonge haumtoki mkononi. Watu hawakumwendea kwa cheti cha daktari. Walimwelezea ugonjwa, naye akawachanganyia vidonge vya siku moja kwenye vipakiti vidogo.

"Nhai alikuja hapa wiki hii?"

"Mara tatu." Hakuinua macho. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Alinunua nini?"

"Vipakiti vya mafua. Vya mama mkwe wake. Na kipimajoto."

"Anza na Jumatatu. Alisema nini, neno kwa neno?"

"Alisema mama amechoka. Jasho linamtoka, kichefuchefu, mwili mzito. Majira haya ya mvua ya manyunyu, afande, nusu ya mji ndiyo hali yao. Nikampa mafua."

"Jumanne?"

"Alirudi akasema dawa haijasaidia. Nikamuuliza, ana homa? Akasema kipimajoto kinasoma kawaida, amekiweka mara nne. Anakohoa? Hapana. Pua? Kavu. Koo? Halina shida. Jasho lenyewe akasema ni la baridi, ukimgusa paji la uso ni kama samaki."

"Bwana Chuc, hayo ni mafua gani yasiyo na homa, wala kikohozi, wala kamasi?"

Mkasi ulikata kidonge kimoja vipande viwili, kisha vinne, kisha ukaendelea kukata unga.

"Kulikuwa na foleni," alisema. "Nikampa vipakiti vingine."

"Hakusema jambo jingine?"

"Alisema mama ana ngazi tatu tu za kupanda kwenye tanuri la mvuke, na siku hizi anapumzika katikati. Na analalamika jino. Taya la kushoto linamvuta."

"Ukampa dawa ya jino."

"Nilimpa."

"Na Jumatano?"

Bwana Chuc aliuweka mkasi chini. "Jumatano jioni, nikiwa nafunga, alikuja mbio, kandambili mkononi. Akaniambia, 'Mjomba, mama anasema jino linamuuma mpaka mkononi, lakini nimemfungua kinywa kumtazama. Upande huo hana jino hata moja. Ni meno ya bandia, na ameyavua.'" Alivua miwani akaipangusa ingawa haikuwa na kitu. "Hapo ndipo akili iliponijia. Nilimwambia, hayo si mafua, huo ni moyo. Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kukuche."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Bibi Mui alikufa saa kumi alfajiri, nyumbani kwake. Hospitali ni mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki." Kapteni aliandika, akafunga daftari. "Kwa nini haya hukuyasema juzi?"

"Hakuna aliyeniuliza, afande. Mlikuwa mmeshapata mtu."

Kapteni aliitia kalamu yake mfukoni.

*

Nyumbani kwa Bibi Mui turubai lilikuwa limetandazwa uani, juu ya fremu za mianzi ambazo siku zote hukaushiwa tambi. Ngoma na zumari za msiba zilikuwa zikilia. Jeneza lilikuwa sebuleni. Mwili ulirudishwa kutoka mochari saa nne, ukiwa umepasuliwa na kushonwa. Daktari Phung wa wilaya alikuwa ameahidi kupiga simu akimaliza kuandika.

Thoa alikuja na vazi jeupe la matanga, utepe mweupe kichwani, macho mekundu.

"Gari la mkoani limeshamchukua?"

"Bado. Nataka kukiona chumba cha mama tena."

"Si mlishakiona?"

"Nilikitazama. Leo nataka kukiona."

Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka mafuta ya kunukia mpaka macho yanachoma. Kapteni alisimama katikati, akazunguka polepole. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matambara, yameshindiliwa mpaka kwenye nyufa. Chini ya mlango kulikuwa na gunia la unga lililokunjwa. Nyuma ya mlango, kwa ndani, kigoda. Na juu ya meza bakuli la uji wa mchele wenye vitunguu na majani ya kutolea upepo, limeganda utando, limejaa mpaka ukingoni.

"Huu ndio uji wenye sumu?"

"Ndio huo! Aliupika yeye kwa mikono yake."

"Mama alikula vijiko vingapi?"

Thoa alilitazama bakuli. "Sijui... hakuwa na hamu."

"Limejaa, Thoa. Sumu isiyoliwa haiui mtu."

"Basi alimpa kwa dawa! Sarafu je? Sarafu haisemi uongo!"

Kapteni alisogeza nywele zake nyuma ya sikio. Hereni nyeusi ikaonekana. "Asubuhi nimesugua mguu wa meza kwa yai. Hereni ikawa hivi. Ni yai lenyewe linaloifanya fedha iwe nyeusi, hata umsugulie nani. Sasa niambie: Jumatano usiku, ulipofungua kitambaa na kuiona sarafu, ulisema nini?"

Zumari ziliacha kwa muda, wapigaji wakinywa chai.

"Sikumbuki."

"Nhai anakumbuka. Yamo kwenye maelezo yake, niliyapita tu kwa kuwa nilidhani anajitetea. Anasema ulimwambia mama, 'Tazama, upepo umetoka wote, kesho utatengeneza tambi.' Ni kweli ama si kweli?"

"...Kweli."

"Kwa hiyo usiku sarafu ilikuwa ya upepo. Asubuhi mama amekufa, sarafu ile ile ikawa ya sumu."

Thoa alikaa kitandani. Kapteni hakukaa. Alitoa simu yake, akamwonyesha picha iliyotoka mochari.

"Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mama yako mmemwosha ninyi, kwa hiyo hiki si kigeni kwako. Ni nani aliyemkwangua?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyemkwangua! Nimemhudumia mama yangu mpaka mwisho, hilo nalo ni kosa?"

"Mgongo umeukwangua vizuri, kama mifupa ya samaki. Kila mtu hukwanguliwa hivyo. Lakini hapa." Kapteni aliikuza picha kwa vidole. "Mkono wa kushoto, ndani, kutoka kwapani mpaka kidole cha mwisho. Na hapa, chini ya taya la kushoto. Mkono wa kulia hauna mchirizi hata mmoja. Tangu lini upepo ukamwingia mtu upande mmoja?"

"Alisema hapo ndipo panapouma."

"Alisemaje?"

"Alisema..." Thoa alishika mkono wake mwenyewe wa kushoto, akateremsha vidole kutoka bega mpaka kiganja bila kujijua. "Alisema, 'Hapa, mwanangu. Kwangua hapa. Na hapa. Kifua kimekaliwa na jiwe la kinu.' Nikakwangua. Michirizi ikatoka myeusi. Ikitoka myeusi maana yake upepo ni mwingi. Nikakwangua tena."

"Saa ngapi?"

"Saa moja. Wifi alikuwa ametoka kwenda dukani."

"Aliporudi?"

Thoa aliangalia mlango.

"Thoa, uani kuna pikipiki ya Nhai. Juzi ilikuwa pale, leo ipo pale pale, hakuna aliyeigusa. Kwenye kiti imefungwa mito miwili. Helmeti mbili zinaning'inia. Na kuna shuka refu limefungwa fundo, kama la kubebea mtoto. Alikuwa anataka kumfunga nani mgongoni?"

"Mama."

"Ampeleke wapi?"

"Hospitali." Sauti ilikuwa ndogo. "Aliingia anahema, anasema, ni moyo, ni moyo, twende. Nikamwambia, una wazimu? Mama nimeshamkwangua! Mwili uko wazi, matundu yote ya ngozi yamefunguka, nje mvua na upepo, unataka afie njiani? Mtu aliyekwanguliwa hatolewi nje, afande, hata wewe unajua. Hata mtoto anajua!"

"Najua."

"Akaniambia, 'Wifi, nakuomba.' Akashika miguu yangu. Nikamwambia, wewe umekuja nyumba hii juzi, mimi nimezaliwa na huyu. Nikaziba dirisha, nikaziba mlango. Nikachukua kigoda." Alikitazama kile kigoda. "Nikakikalia hapo. Mpaka asubuhi."

"Na mama?"

"Mama alisema anakosa hewa. Alisema, 'Thoa, fungua dirisha kidogo.' Mara mbili... mara tatu. Nikamwambia, mama, vumilia, upepo utakurudia." Alijifunika uso kwa utepe wa matanga. "Wifi alikuwa upande wa pili wa mlango, anagonga. Aligonga mpaka akachoka."

Simu ya Kapteni iliita. Alikuwa Daktari Phung, mtu asiyejua salamu.

"Andika. Mshipa wa moyo wa kushoto umezibwa na damu iliyoganda. Ukuta wa mbele wa moyo una eneo limekufa, rangi imepauka. Kwa macho yangu lina siku mbili, karibu tatu. Tumbo halina dalili ya sumu; maabara ya mkoa itathibitisha kwa maandishi."

"Kwa hiyo tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu alikuwa anatembea na moyo unaokufa, na watu wanampa mafua. Wanawake mara nyingi ndivyo unavyowajia: uchovu, jasho, kichefuchefu, taya. Hawaangukii sokoni wakishika kifua kama kwenye sinema."

"Angeletwa Jumatano saa mbili usiku?"

"Labda," alisema Daktari. "Siwezi kuandika labda kwenye ripoti."

Thoa alikuwa amesikia yote. Alinyanyua mikono miwili pamoja, viganja juu, kama anayengoja pingu.

"Nipeleke mimi. Gari si linakuja? Basi lisirudi tupu."

"Sheria haina kifungu cha upepo, Thoa."

"Nilimsingizia!"

"Hicho kifungu kipo. Utakuja kituoni Jumatatu, utaandika maelezo mapya, na utakayosikia utayasikia. Leo unamzika mama." Kapteni alitazama saa. Saa sita na nusu. Alimpigia mkuu wa kituo.

"Una uhakika?" mkuu aliuliza baada ya kumsikiliza. "Juzi si wewe uliyeniambia una uhakika?"

"Juzi nilikuwa na uhakika, mkuu. Leo nina ushahidi."

"Mkoani nitawaambia nini?"

"Waambie kosa ni langu. Sahihi ni yangu."

*

Makaratasi ya kumtoa mtu ni mengi kuliko ya kumwingiza. Gari la mkoani lilifika, likangoja, dereva akalalamika, likaondoka. Mpaka mhuri wa mwisho unagongwa, ilikuwa saa nane na nusu.

Kapteni alimpakia Nhai kwenye pikipiki yake mwenyewe. Mvua ya manyunyu ilikuwa inapiga usoni. Nhai alikaa nyuma bila kumshika, mikono ameiweka mapajani, na walifika karibu na soko kabla hajasema neno.

"Hereni yako moja imekuwa nyeusi, dada."

"Niliiweka na yai."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Pikipiki ilipita shimo, wakaruka wote wawili.

"Na mimi ulinikamata lini?"

Kapteni alibadilisha gia. "Alhamisi," akasema.

Nhai alishika chuma cha nyuma ya kiti.

Walipofika, wabebaji walikuwa wameshaingiza miti chini ya jeneza. Majirani wale wale waliojaa Alhamisi walimwona Nhai akishuka na nguo alizolala nazo siku mbili sakafuni. Mmoja akajifanya anafunga kiatu, mwingine akaingia jikoni ghafla. Mtaa mzima ulipata shughuli ya kufanya.

Thoa alitoka sebuleni. Mkononi alikuwa na utepe mweupe uliokunjwa, na ulikuwa umelowa kwa jinsi alivyoushika. Alisimama mbele ya wifi yake. Kisha akainua mikono, akaanza kumfunga utepe kichwani, na fundo likamshinda. Alifungua, akafunga upya. Nhai alisimama wima, hakumsaidia, wala hakumzuia.

"Wifi," Thoa alisema hatimaye. "Aliniomba nifungue dirisha."

"Najua. Nilikuwa mlangoni. Nilisikia."

Nhai alimpita, akapita jeneza, akaingia chumba cha mama mkwe wake. Watu walisikia kitu kinapasuka, kama nguo inayoraruliwa. Thoa akamfuata. Kutoka uani Kapteni Khuyen aliona tambara la kwanza likitokeza dirishani na kuanguka chini, kisha la pili, kisha mikono minne ikivuta pamoja lile la mwisho, lililoshindiliwa zaidi. Dirisha likafunguka kwa kishindo.

Upepo uliingia. Ulivuka chumba, ukafika sebuleni, ukalaza moshi wa uvumba upande mmoja, ukainamisha mishumaa juu ya jeneza. Mzee mmoja aliinua mkono kutaka kusema wafunge, akaona nyuso za wale wanawake wawili, akaushusha.

Hakuna aliyefunga.

Jeneza lilipotoka, Nhai alikuwa mstari wa mbele. Kapteni alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, mbali kidogo na watu, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha na asingeweza kulalamika. Msafara ulipompita, Nhai aligeuza kichwa mara moja.

"Usiisugue hiyo hereni, afande," alisema, akaendelea kutembea.

Jioni, kwenye jalada, chini ya chanzo cha kifo, Kapteni Khuyen aliandika: moyo. Chini yake palikuwa na nafasi ya maoni ya mpelelezi, ambayo siku zote huiacha wazi. Alikaa mbele yake mpaka Mama Tuat alipokuja kuzima jiko. Akaandika: *Mlango ulifungwa mara mbili. Mara ya pili niliufunga mimi.*

Akasaini, na hereni haikusuguliwa.